Kilomita Arobaini na Moja

"Usiufungue huo waya."

Hapo ndipo tulipomwacha Dufie wiki jana, ameinamia betri ya gari la marehemu mumewe, spana ya kuazima mkononi, na sauti imemshtua mgongoni. Najua wapo walioapa kwamba sauti ile ni ya Wofa Agyapong, mjomba wa marehemu. Poleni. Alikuwa Maame Ataa, mama mkwe wake, kitambaa chekundu kichwani, macho yamevimba kwa kilio cha wiki nzima.

"Mama, sensa mpya ya pedali nimeshaifunga," Dufie alisema. "Nikichomoa waya huu nusu saa tu, kompyuta inasahau ugonjwa wa zamani, gari linaanza upya. Si Wofa mwenyewe kasema leo saa sita analitaka?"

"Anakuja na fundi wake. Na mashine. Jana usiku kawaambia wazee, gari lisiguswe na mtu. Akikuta limeguswa atasema umeficha kitu."

"Nifiche nini, Mama?"

Maame Ataa aliutazama mkono wa mkwewe, akaitazama ile spana kwa muda mrefu kuliko spana inavyostahili kutazamwa. Kisha akageuka, akarudi kwa wanawake waliokuwa wakipanga viti chini ya turubai.

Spana ilikuwa ya jirani. Spana namba kumi ya Dufie mwenyewe, ya kufungulia waya za betri, ile aliyoizungushia utepe mwekundu asiibiwe, ilikuwa haionekani tangu Jumamosi ya msiba. Mafundi wote wa Kumasi wanajua kwamba spana ya kumi ina miguu. Dufie hakuiwazia zaidi ya hapo.

Kwa aliyeingia leo hadithi ikiwa njiani, na ajue hivi. Dufie ni fundi wa umeme wa magari, na pale Suame Magazine, mtaa wa magereji, wanaume wenye ndevu humpelekea kazi zilizowashinda. Mumewe, Mwalimu Yaw Poku, aliondoka nyumbani Jumamosi asubuhi kwenda Konongo. Kabla hajafika, gari lilimwishia nguvu. Akalisogeza pembeni, akakata matawi mabichi, akaanza kuyalaza barabarani ili wenye magari wajue kuna aliyeharibikiwa, kama tunavyofanya sote. Lori la magogo likamkuta ameinama na matawi yake. Gari lenyewe halikupata hata mkwaruzo.

Leo ilikuwa wiki moja kamili. Ukoo mzima ulikuwa unakuja kukaa kikao cha msiba na kupanga siku ya mazishi.

Dufie aliiweka spana chini. Lakini fundi akikatazwa kufuta, hujiuliza kuna nini cha kufutwa. Akaingia ndani ya gari, akachomeka mashine yake ya kusomea kompyuta chini ya usukani, akafungua swichi bila kuwasha injini.

Ugonjwa wa kwanza aliujua, sensa ya pedali ya mafuta, kifaa kinachoiambia kompyuta mguu umekanyaga kiasi gani. Aliugundua mwenyewe Alhamisi ile kabla ya msiba, taa ya injini ilipowaka na gari likagoma kupita mwendo wa arobaini. Kompyuta ilikuwa imelishika gari makusudi, kama mtu anavyomshika mlevi mkanda asivuke barabara. Alimwambia Yaw, "Usiliguse mpaka Jumatatu, sensa inakuja." Sensa ilikuja Jumatatu kweli. Yaw alikuwa na siku mbili mochwari.

Akabonyeza kwenda mbele, ukurasa ambao mafundi wengi hawaufungui. Kilomita tangu kumbukumbu ilipofutwa.

Arobaini na moja.

Dufie aliusoma mstari ule mara tatu. Halafu akaiegemeza mashine kwenye usukani.

Kutoka geti la nyumba yao, Old Tafo, hadi pale palipokuwa na matawi, ni kilomita arobaini na moja. Alizijua. Jumapili alikwenda na gari la kuvuta kulichukua, akakaa mbele na dereva, akazihesabu moja moja kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kufanya na akili yake. Na gari linalovutwa injini ikiwa imezimwa halihesabu.

Basi asubuhi ile taa ya injini haikuwa imezima yenyewe. Ilizimwa. Jumamosi asubuhi, hapahapa uani, mtu alichomoa waya wa betri akasubiri, akaurudisha. Kompyuta ikasahau kwamba gari ni gonjwa, ikaliachia mkanda. Ilikumbuka kilomita arobaini na moja baadaye.

Simu aliyopigiwa na Yaw Jumamosi ile ikamrudia neno kwa neno. Yeye alikuwa chini ya gari la mteja, boliti mdomoni, simu kaibana kwa bega.

"Dufie, habari njema. Taa imezima."

"Imezimaje?"

"Imezima tu. Linakimbia kama swala."

"Haya. Nenda polepole."

Taa ya injini haizimi yenyewe. Maneno hayo amewaambia wateja mpaka wanamtania nayo. Siku moja tu katika maisha yake alikuwa na haraka, akamwambia mumewe haya, nenda polepole.

Nani basi? Yaw alikuwa mwalimu wa hesabu, hata boneti alikuwa akiifungua kwa kuomba radhi. Katika nyumba ile, ukimtoa Dufie, mtu mmoja tu alijua waya gani unachomolewa. Dufie ndiye aliyemfundisha.

Alikuwa anapita na viti vinne begani.

"Badu. Njoo."

"Dada, viti vinasubiriwa."

"Viti vina watu wengi wa kuvibeba. Njoo hapa."

Badu, mdogo wake wa tumbo moja, anayeishi chumba cha nyuma, alitua viti akasogea dirishani. Dufie akamgeuzia kioo cha mashine. Hakuhitaji kusomewa. Alikaa chini palepale, kwenye vumbi, na suruali yake nyeusi ya msiba.

"Jumamosi asubuhi nani alichomoa waya?"

Badu alichora mstari vumbini kwa kidole.

"Badu, nakuuliza kabla hawajaniuliza mimi."

"Nilitaka kukuambia Jumapili," alisema. "Nikakuona unavyogaragara. Nikasema Jumatatu. Dada, kila siku nasema kesho."

"Yaw ndiye aliyekuomba?"

"Shemeji alikataa." Sauti ilimkatika. "Alisema Dufie kasema lisiguswe, basi lisiguswe. Mimi ndiye niliyemwambia, dada yangu ana kawaida ya kukuza mambo."

Hapo Dufie alikumbuka safari ile ilikuwa ya nani. Yaw alikuwa anakwenda Konongo kubisha hodi ya posa kwa wazazi wa Serwaa, mchumba wa Badu. Bwana harusi hajibishii hodi mwenyewe, hutumwa msemaji mwenye ulimi, na katika nyumba ile ulimi ulikuwa wa Yaw. Wazazi wa binti walikuwa wamesema waziwazi, Jumamosi hii, au mlango tunamfungulia mwingine.

"Ningempandishaje basi la abiria na chupa za kubishia hodi, Dada? Waseme mimi naishi kwa kubebwa na dada tu? Nikachukua spana, nikachomoa. Ile nusu saa tulikunywa chai, nikawa namsimulia habari za Serwaa. Nikarudisha waya, taa ikafa. Shemeji alicheka, akanipiga bega. Akasema, kumbe nyumba hii ina mafundi wawili."

Dufie alishuka garini, akampiga kwa kitambaa cha grisi, begani, mgongoni, kichwani, popote mkono ulipofika. Badu hakujikinga. Alipochoka kumpiga alijikuta amemshika kichwa, amekibana tumboni mwake kama alivyokibana siku mama yao alipofariki, Badu akiwa wa miaka sita. Alilia bila sauti, maana wageni walishaanza kuingia.

"Futa, Dada," Badu alisema tumboni mwake. "Futa sasa hivi. Ukichomoa waya ukawasha mataa umeme uliobaki uishe, dakika tatu zinatosha."

"Itasoma sifuri. Katika nyumba hii sifuri ni mimi. Nani mwingine ana mashine na mikono ya kufuta?"

"Na ikibaki?"

"Itasoma arobaini na moja. Na bado ni mimi, mpaka mtu mwingine aseme ni yeye."

Badu alijifuta uso. "Basi nitasema."

"Utasema?"

"Mbele ya wote. Nitasema."

Alisema kama watu wanavyosema watakwenda kung'oa jino. Dufie alitaka kumwamini, akamwamini.

Alikuwa na sababu ya kutaka sana. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku jipya. Ndani yake nguo nzuri ya kumfunika Yaw, leso, pete, mto mdogo. Vitu ambavyo mke humwekea mumewe kwenye jeneza ili asiende huko mikono mitupu. Mke aliyekataliwa na ukoo hapeleki sanduku. Hakai karibu na maiti, haitwi mjane. Na Jumatano Wofa alikuwa ameshatangaza, bila kumtaja mtu, kwamba gari la fundi haliharibiki lenyewe. Mkono uliompeleka mwanangu kwenye lori, alisema, hautamvisha.

Wofa Agyapong aliingia saa tano na nusu, nguo nyekundu na nyeusi begani, fimbo mkononi. Nyuma yake Fundi Nsiah wa Magazine, ambaye miaka mitatu amekuwa akimwita Dufie "bosi". Leo hakumtazama usoni.

Msidhani Wofa ni mtu mbaya. Yeye ndiye aliyemlea Yaw. Kila ada ya shule, kila kiatu, kilitoka mfukoni mwake, kama inavyompasa mjomba. Wiki ile moja ilikuwa imemzeesha.

"Funguo," alisema.

Dufie akampa kwa mikono miwili. Nsiah aliingia garini, akachomoa mashine ya Dufie, akachomeka yake, akafungua swichi. Watu walijisogeza na viti vyao. Muziki ukazimwa.

"Soma kwa sauti," Wofa aliamuru.

"Sensa ya pedali ilikuwa mbovu, Wofa. Imewekwa mpya."

"Mpya ya baada ya kufa haina faida. Endelea."

Nsiah akabonyeza kwenda mbele. "Kuna hii. Kilomita arobaini na moja."

"Za nini?"

"Tangu kompyuta ilipofutwa. Ina maana asubuhi ile kabla hajaondoka kuna mtu aliizima taa. Hakumtibu mgonjwa, Wofa. Alimziba mdomo."

Nsiah akashuka garini, funguo na mashine akaviacha humo. Aliyekuwa akigawa maji alisimama na pakiti mkononi.

"Nani?" Wofa aliuliza.

Dufie hakumtazama Wofa. Alimtazama Badu, kiti cha tatu, safu ya pili. Badu akajiinua nusu. Mdomo ukafunguka. Dufie akamwombea kwa moyo wote, sema, mdogo wangu, ukisema mimi nitasimama pembeni yako mpaka mwisho. Badu akakaa tena. Akainamisha kichwa, akaanza kukunja na kukunjua ukingo wa shati lake.

Dufie alimpa muda. Alihesabu mpaka kumi. Akaongeza kumi nyingine, na hizo ndizo zilizomuuma zaidi.

"Ni mimi," alisema.

"Rudia."

"Ni mimi, Wofa. Alinipigia simu taa ilipozima. Nilijua taa haizimi yenyewe. Nikamwambia nenda."

Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli tupu, na kweli ile ndiyo iliyosikika katika sauti yake. Hakuna aliyemtilia shaka.

Wofa alivua miwani, akaipangusa kwa nguo yake ya msiba, akaivaa. Alipozungumza hakupaza sauti.

"Nilimsomesha mimi. Aliponiletea wewe, watu walisema mke fundi atamtawala. Nikasema hapana, kapata mtu wa kumtunza." Alinyoosha fimbo kuelekea getini. "Kachukue nguo zako. Na lile sanduku lako ondoka nalo. Yaw hatalala na kitu kilichoshikwa na mkono wako."

"Wofa, nakuomba. Leso tu."

"Hata uzi."

Dufie akauegemea mlango wa gari. Hapo ndipo Maame Ataa aliposimama.

Alikuja taratibu katikati ya viti, akifungua fundo la nguo yake kiunoni, pale wanawake wa umri wake wanapoweka vitu vyao. Akatoa spana. Spana ya kumi, yenye utepe mwekundu.

"Niliiokota Jumamosi," alimwambia Dufie, kana kwamba wako wawili tu. "Palepale gari lilipokuwa limelala. Yaw ametoka tu getini. Nikaiweka nikupe ukirudi kazini. Badala yako zikarudi habari."

"Mama..."

"Sikujua ni ya kufanyia nini. Jana Wofa alipowaeleza wazee jinsi taa inavyozimwa, nikajua. Na leo nimekukuta umeushika waya uleule. Nimekula chakula chako wiki nzima, mwanangu. Nimelala kitanda kimoja na wewe, unalia, nakukumbatia. Jana usiku sikusali marehemu alazwe pema. Nilisali nikisema, Mungu, awe mtu mwingine yeyote. Asiwe Dufie."

Alimfungua kiganja, akaiweka spana, akamkunja vidole kimoja kimoja juu yake.

Kumpoteza Yaw kulimvunja Dufie mara moja. Vidole vile vya mama mkwe wake, vya moto, visivyo na hasira yoyote, vilimvunja mara ya pili. Wofa angeweza kumfukuza, na Dufie angeishi. Lakini mama huyu alikuwa anamsamehe kosa ambalo si lake, na msamaha ule ulikuwa mzito kuubeba kuliko tusi. Neno lilimfika kwenye meno. Mama, si mimi. Akainua macho amtafute Badu, amwombe mara ya mwisho.

Kiti cha tatu, safu ya pili, kilikuwa kitupu.

Na mlango aliokuwa ameuegemea ukasogea. Injini ikawaka.

Iliwaka mara moja, laini, bila kusita. Sensa ya Jumatatu ilikuwa inafanya kazi yake vizuri sana. Badu alikuwa nyuma ya usukani, upande wa pili wa kioo, uso umelowa. Alisema kitu ambacho Dufie hakukisikia kwa mngurumo. Gari likarudi nyuma, viti vikaanguka, wanawake wakavuta nguo zao wakipisha.

"Mashine yangu imo humo," Nsiah alisema, akaanza kukimbia.

"Huyo mtoto anakwenda wapi na gari la mwanangu?" Maame Ataa aliuliza.

Dufie hakujua. Ukitoka geti lile, kulia ni kituo cha polisi, mwendo wa dakika nne. Kushoto ni barabara ya Konongo. Kwenye dashibodi, hata kutoka pale alipokuwa amesimama, aliiona taa ya injini inawaka, ya manjano, maana hakuna aliyekuwa amepata nafasi ya kuizima.

Getini gari lilisimama. Lilisimama muda ambao mtu anahitaji kuamua jambo, injini ikinguruma, mkono wa Badu nje ya dirisha. Maame Ataa alikuwa bado amemshika Dufie vidole. Akaviminya.

"Dufie," alisema polepole. "Nitazame. Asubuhi ile, hii spana ilikuwa kwa nani?"

Kabla hajajibu, akasikia gia ikiingia.